Betri Iliyochemka Siku ya Ijumaa

Jamani, wapo watu walioaibika ujanani wakahama mji, na mambo yao yakasahaulika. Mimi sikuhama, na Sumbawanga haijasahau. Mpaka leo nikipita sokoni kuna wazee wenzangu wanaotega sikio, wakafumba macho kama wanaosikiliza jambo zito, kisha wananiuliza, "Dereva, bado inachemka?" Nami nacheka nao, kwa sababu nikinuna ndiyo wanazidi. Basi leo nasimulia mwenyewe, nisiwaachie wao, maana wao wanatia chumvi sana (kuna anayesema nilipanda juu ya boneti nikalia, na huo ni uongo, nililia nikiwa nimesimama chini).

Ilikuwa enzi za Mwingereza, shilingi bado ina kichwa cha mfalme, nami nilikuwa kijana wa kutoka Tabora niliyekuja kuishi kwa baba yangu mdogo Shabani na kupata kazi ya udereva kwa Mzee Nasibu. Mzee Nasibu alikuwa na duka la vitambaa, chumvi na mafuta ya taa, na alikuwa na lori moja la tani tatu ambalo alilipangusa mwenyewe vioo kila asubuhi kabla hajafungua duka. Pia alikuwa na binti, anaitwa Tatu, ambaye nilikuwa nimemwona mara chache tu akipitisha chai uani, na hizo mara chache zilinitosha kabisa. Baba mdogo akapeleka posa. Mzee Nasibu akaipokea kwa heshima, hakuuliza ukoo wala mali, akauliza neno moja tu: "Kijana wako anakunywa?"

Msimshangae. Ufipa mavuno ya ulezi yakishaingia ghalani, kila kijiji utakachoingia kuna chungu cha pombe kinaivishwa, na watu wa kule ni wakarimu, dereva akishuka tu anawekewa kata mkononi kabla hajasema ameleta nini. Mzee Nasibu alikuwa ameshawafukuza madereva wawili kwa ajili hiyo, mmoja alilala usukani njia ya Muze, pale penye mteremko wa kushuka Rukwa ambapo hata mtu aliye macho anasoma dua zote anazozijua. Kwa hiyo baba mdogo akaapa kwamba mimi sijawahi hata kuionja, na ilikuwa kweli tupu. Mzee akasema atafikiri, jibu atalitoa Ijumaa baada ya sala.

Sasa siku chache kabla ya hiyo Ijumaa nilipeleka chumvi Chala. Pale kulikuwa na mkulima mmoja, Mama Melania, mama mwema ambaye kila nikipita lazima anifungashie kitu. Siku hiyo akanitolea kibuyu cha togwa ya ulezi.

"Baba, hii togwa tu, hata watoto wanakunywa," akaniambia. "Ile nyingine najua nyie Waislamu hamuitaki. Lakini uinywe leo leo."

Nikashukuru, nikapokea kwa mikono miwili. (Hilo la "leo leo" liliingia sikio hili likatokea lile, nilikuwa nawaza chai ya uani.) Tatizo likawa pa kukiweka, kwa sababu kibuyu tako lake ni la mviringo, hakikubali kusimama. Nikafunua ubao wa kiti cha dereva, chini yake ndipo betri inapokaa, na kando ya betri kuna nafasi ya jeki. Nikaitoa jeki nikaitupa nyuma, kibuyu nikakitumbukiza pale, kikakaa kama kimepimwa na seremala. Kilikuwa kimezibwa kwa gunzi la mahindi, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kupenda kazi iliyokamilika, gunzi nikaligongelea na spana mpaka likazama, juu yake nikazungusha mpira wa tyubu nikaukaza kwa nguvu zangu zote, kisha nikarudisha ubao na mto wa kiti, nikaukalia. Nakuombeni nyie mkikumbuke kibuyu hicho, maana mimi nilikisahau palepale.

Ikaja Ijumaa. Mwezi wa saba ule, na mnaijua baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa saba, asubuhi unaoga maji ukidhani umemwagiwa sindano. Nilivaa shati jipya. Mzee Nasibu alitaka gari lipakiwe asubuhi, baada ya sala na chakula niondoke kwenda Muze, na hapo kwenye chakula ndipo jibu langu lilipokuwa. Nikapanda, nikabonyeza stata. Gari likasema nguu, likasema nguu nyingine ndogo ya kuomba radhi, kisha likanyamaza. Hendeli ya kuwashia kwa mkono ilikuwa imevunjika tangu wiki iliyopita, kwa hiyo nikabaki pale nimeshika usukani wa gari lililokufa.

Na katika kimya hicho ndipo nikasikia sauti. Ilitoka chini yangu kabisa. Tsss, halafu bwabwabwa, halafu tsss ndefu.

Mzee Nasibu akatoka dukani na kitambaa chake cha kupangusia vioo. "Kuna nini?"

Hapo jamani, hapo ndipo ningesema "sijui, mzee," mambo yote yangeishia hapo. Lakini ningesemaje sijui mbele ya mtu anayekaribia kunipa binti? Nikashuka kwa madaha, nikafunga mlango taratibu, nikasema, "Najua tatizo, mzee. Betri imekwisha moto."

"Na huo mlio?"

"Ni hiyo hiyo betri. Moto unavuja, na unapovuja betri inachemka."

Mzee akanitazama. "Injini imezimwa tangu jana. Inachemshwa na nini?"

Lilikuwa swali zuri sana, na lingeniokoa kama ningelipa nafasi. Badala yake nikajibu bila kumeza mate, "Ni baridi, mzee. Baridi ya huku inaibana betri kwa nje, joto linakosa pa kutokea, inachemka kwa ndani." (Mpaka leo sijui maneno yale yalitoka wapi. Yalitoka yamepangika kabisa.)

"Kama huna hakika tumwite fundi wa misheni," akasema. "Hakuna atakayekucheka."

"Hili dogo, mzee. Nalijua."

Akarudi dukani. Nami nikaanza ufundi. Nilikuwa nimewahi kumwona fundi mmoja Mbeya akisikiliza injini kwa bisibisi, anaweka ncha kwenye chuma na mpini kwenye sikio, anatikisa kichwa, halafu anataja ugonjwa. Nikachukua bisibisi yangu, nikafungua mlango, nikaweka ncha kwenye ubao wa kiti, mpini sikioni, nikafumba macho. Lo! Sauti ikaja safi, ndani mle kunatokota, kunapumua, kunagugumia. Mngeniuliza kwa nini sikufunua ubao nikatazama, ningewajibu kwamba huko huko Mbeya nilishaona betri iliyopasuka ikamla mtu suruali yote ya mbele, na mimi nilikuwa na suruali moja nzuri, nimeivaa.

Mtu akisikiliza gari kwa bisibisi katikati ya mji watu hawapiti. Wakaanza kusimama, kwanza wateja wa duka, kisha fundi cherehani wa barazani, kisha tarishi wa boma aliyekuwa ametumwa kwingine kabisa. Kila mmoja akataka kusikiliza. Nami nikawapa, wakapanga mstari, kila anayeweka sikio anakunja uso na kusema, "Kweli, inachemka," nami natoa maelezo ya baridi, na kila nikiyatoa yanazidi kurefuka.

Katika mstari huo alikuwamo Mzee Kaspari, mkulima wa Kaengesa aliyekuja kununua chumvi, mtu wa maneno. Akaweka sikio, akakaa nalo muda kuliko wote, tabasamu likamjia polepole. Akawageukia wenzake wa Kaengesa akasema jambo kwa Kifipa, wote wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Mzee, mbona mnacheka?" nikamuuliza.

"Dereva, mimi nikisikia chungu kinasema hivi nyumbani kwangu, naita majirani."

"Hiki si chungu, mzee wangu, hii ni betri. Ni hatari hii."

"Hatari, ndiyo," akasema. "Sijakataa."

Akaenda kukaa kwenye gunia lake la chumvi, na sikuelewa kwa nini haondoki wakati ameshanunua.

Adhana ikaita, tukaenda kuswali. Nakiri sikutulia, nilikuwa nasali na hesabu ya betri kichwani. Tulipotoka nikapata wazo ambalo niliona limetoka mbinguni: gari tulisukume, likishika mwendo niingize gia, lenyewe litawaka. Nikawaomba wazee waliokuwa wanatoka msikitini, na kwa kuwa wanamheshimu Mzee Nasibu hakuna aliyekataa. Basi mngeliona lile jambo! Kanzu nyeupe kanzu nyeupe nyuma ya lori, kofia zimewekwa upande, baba mdogo Shabani mbele yao anahesabu "moja, mbili, twende," na Mzee Nasibu mwenyewe ameshika bodi kwa mikono miwili. Tukashuka nalo mpaka chini barabarani, likakohoa, halikuwaka. Tukalipandisha. Tukalishusha tena, vumbi jekundu limetutapakaa, kanzu zimekuwa rangi ya matofali, na kila likiruka shimo ile sauti chini yangu inazidi, sasa haisemi tsss, inasema tsssssss bila kupumzika, nami dirishani napiga kelele, "Mnasikia? Si niliwaambia? Inazidi kuchemka!" Nilifurahi, wallahi. Nilifurahi kwa sababu ugonjwa wangu ulikuwa unathibitika.

Tukalirudisha mbele ya duka, wazee wanahema, na watu sasa wamekuwa wengi kuliko siku ya kulipa kodi. Mzee Nasibu akajipangusa jasho.

"Fungua tuione," akasema.

"Mzee, hapana. Ikipasuka hiyo inaunguza."

"Gari la nani?"

"Lako, mzee."

"Basi fungua."

Nikawaambia watu wasogee, wakasogea. Mzee Nasibu yeye hakusogea, aliinama na kuingiza uso ndani ya mlango kabisa, kama mtu anayetaka kuona mgonjwa wake. Nikatoa mto wa kiti. Nikashika ubao. Nikasema bismillahi, nikauinua, na sikujua kwamba muda wote ule ni ubao huo uliokuwa umekibana kile kizibo.

Ule mpira wa tyubu ukakatika paa! Gunzi likapita karibu na sikio langu likagonga dari, na kibuyu kikajimimina chote juu kwa juu, povu kahawia lenye nguvu ya ajabu, likamkuta Mzee Nasibu uso kwa uso, likaingia kwenye ndevu, likaingia chini ya kofia, likashuka na kanzu mpaka miguuni. Halafu likatulia, likawa linatiririka taratibu kwenye ngazi ya gari.

Harufu ikafuata. Wapenzi wangu, pombe ya ulezi iliyoiva haijifichi. Na pale palikuwa mbele ya duka la Muislamu, siku ya Ijumaa, sala imetoka sasa hivi, na waliosimama karibu ni msikiti mzima. Baba mdogo Shabani, yule aliyeapa, alijishika kichwa akaangalia chini. Nyuma ya pazia la uani nikasikia mtu akishusha pumzi, na nilijua ni nani. Nilikuwa namwona Tatu anaondoka kama anavyoondoka mtu juu ya gari linalotembea, na dereva ni mimi mwenyewe.

Mzee Nasibu akafuta macho kwa kitambaa chake cha vioo. Akauliza, polepole sana, "Hiki ni nini?"

Na mimi, badala ya kuomba radhi kama binadamu wengine, nikasema, "Maji ya betri, mzee."

Mzee Kaspari akanyanyuka kutoka kwenye gunia lake. Akaja mpaka kwenye ngazi, akachovya kidole, akakilamba, akakitazama. "Ni kweli maji ya betri," akasema, "lakini betri yenyewe ya ulezi. Tena mpishi anaijua kazi yake."

Watu walicheka kicheko ambacho mpaka leo nakisikia. Mzee Nasibu hakucheka. Alimgeukia baba mdogo. "Shabani, nilikuuliza neno moja tu."

Baba mdogo akanigeukia mimi. Ndipo mimi machozi yakanitoka, mtu mzima na shati jipya, nikaanza kueleza yote kwa mpigo, Chala, Mama Melania, togwa ya watoto, jeki, gunzi, spana, naeleza huku naonyesha kwa mikono, na kadiri ninavyoeleza naona kabisa hakuna mtu mwenye akili atakayeyaamini. Dereva ana pombe chini ya kiti chake, ameifunga kwa mpira ili isimwagike, halafu anasema hakujua?

Aliyeniokoa ni Mzee Kaspari, na aliniokoa kwa namna ambayo ingekuwa nafuu angeniacha nizame.

"Mzee Nasibu, sikiliza," akasema, huku bado analamba kidole. "Hapa Ufipa hata aliyeacha kunywa siku nyingi, ukimwekea chungu kinachoiva nyuma ya ukuta, analala akijua kwa kukisikia tu kesho kitakuwaje. Huyu kaikalia. Kaisikiliza kwa chuma. Katupanga mstari tuisikilize, mimi nikamdokeza akaniambia hatari. Kausukumisha msikiti wote kuitikisa iive vizuri. Mnywaji gani duniani anafanya hivyo? Huyu pombe haijui hata kwa sauti. Mimi naapa kwa ajili yake, na mimi nakunywa."

Mzee Nasibu akanitazama, machozi yangu, bisibisi yangu ambayo bado nilikuwa nayo mkononi kama mjinga. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani ni hasira. Akageuka haraka, akaingia uani, na mlango haujafungwa vizuri tukamsikia anacheka peke yake, kicheko cha kukohoa, kile cha mtu aliyekizuia sana.

Basi tukakitoa kibuyu na kuona mambo yalivyokuwa. Joto la injini la safari zile ndilo lililoivisha togwa ya Mama Melania, baridi ya mji isingeweza peke yake. Povu likawa linapenya kidogo kidogo kwenye mpira, ndiyo hiyo tsss, na lilipopenya likatambaa juu ya betri likaunganisha vichwa vyake viwili, moto ukavuja usiku kucha. Kwa hiyo kusema kweli nilipata nusu: moto ulikuwa unavuja. (Nikilisema hili sokoni ndiyo wananizomea zaidi.) Tuliosha betri kwa maji ya moto, tukaikausha, wazee wakalisukuma lori mara moja ya mwisho, safari hii wanaimba, likawaka.

Chakula sikuitwa. Nilikaa kwenye ngazi ya gari huku injini inanguruma, nikisubiri niambiwe nirudishe ufunguo. Akatoka mama yake Tatu na beseni, ndani yake kanzu ya mzee na kipande cha sabuni.

"Mzee anasema uifue wewe," akaniambia. "Anasema mkwe wake hawezi kumletea harufu hii nyumbani akaondoka hivi hivi."

Neno "mkwe" lilichelewa kuniingia, mpaka akalirudia. Nikafua kanzu ile uani pale mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi ya maji. Na nilipokuwa naikamua, Tatu akapita na chai, akasimama, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kuniambia maishani: "Tega sikio kwanza. Isije ikawa inachemka."

Tumekaa pamoja mpaka wajukuu sasa. Bisibisi ile anayo yeye, ameiweka jikoni, na maharage yakianza kutokota ananiletea na kuniita mbele ya wageni nije nitaje ugonjwa. Nami nilijiapiza tangu siku ile: kitu nisichokijua nasema sijui, hata kama anayeuliza ana binti. Kibuyu nilimrudishia Mama Melania, na togwa ya mtu nainywa palepale nimesimama mbele yake.

Lakini kuna jambo Tatu alinificha miaka mingi, akaja kuniambia juzi juzi tu, baba yake ameshatangulia mbele ya haki. Mimi siku zote nilidhani mzee alinipa binti kwa sababu niliulizwa nikasema ukweli, nikalia, akaniona nina moyo safi. Nilishawaelezea hivyo hata wanangu. Kumbe usiku ule Tatu alimsikia akimwambia mama yake chumbani, kwa sauti ya mtu aliyeridhika: "Basi, mke wangu, tumepata mjinga. Lakini tumetafuta sana, na huyu ndiye wa kwanza asiyekunywa."